Kuku Aliyelala Kitandani

Mwaka jana mjukuu wangu alianguka kutoka kwenye pikipiki ya abiria, hapa mjini Kindu, mtaa wa Kasuku, karibu na soko, akavunjika mkono. Hospitali walimpiga picha, wakamfunga saruji yao nyeupe kuanzia kiwiko hadi vidole, wakamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo akiwa anatafuna biskuti. Aliingia mlangoni, akanitazama kwa macho makavu kabisa, akauliza, "Bibi, kuku yangu iko wapi?"

Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Huyo mama yake ndiye binti yangu wa kwanza, na kosa lote ni lake. Amewalea wanawe kwa hadithi ya kuku, tena anaisimulia vibaya. Kwake yeye ni kichekesho tu: kuku mmoja mwenye bahati alilala juu ya godoro wakati bibi mzima wa watu analala chini kwenye mkeka. Siwezi kumlaumu sana. Wakati ule alikuwa hajatimiza hata miaka mitano, na anachokumbuka ni manyoya. Mimi nilikuwa na akili zangu zote, kwa hiyo nitaisimulia mimi, na anayetaka kucheka acheke, ila nitamwambia pa kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya vita, Kindu imefungwa pande zote. Treni haikuja. Chumvi tulikuwa tunailamba kwa ncha ya kidole kama dawa. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchimba mawe upande wa Pangi, kwa muda mfupi tu, alisema, na vita vikakata barabara nyuma yake. Nikabaki na mtoto wetu na mama mzazi wa mume wangu. Mama mkwe wangu alikuwa Mwislamu ambaye hakukosa swala hata moja, na mimi mtu wa misa ya Jumapili. Tuliishi vizuri, kwa sababu kila mmoja wetu aliamini kwamba Mungu atamsamehe mwenzake. Mjukuu wake alimwita "muke mwenzangu", kama mabibi wa kwetu wanavyotania, na wawili hao waligombana kutwa nzima kuhusu nani anapendwa zaidi na babu, ambaye alikuwa amekufa kabla mtoto hajazaliwa.

Siku yenyewe, mdogo wangu wa kiume aliwasili kutoka Kailo na baiskeli yake, kwa njia za porini, akiwa amefunga bidoni, yaani madumu, za mafuta ya mawese kila upande. Baiskeli ya namna hiyo haipandwi, inasukumwa. Na mwenye nayo akitaka kupumzika haiegemezi ukutani, maana uzito utaiangusha. Anaitega kwa gongo lenye panda chini ya kiti, nayo inasimama wima peke yake katikati ya uwanja. Mtu mzima yeyote wa Kindu anajua kwamba gongo lile haliguswi. Mwanangu yeye aliona fimbo nzuri.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nikitwanga sombe, majani ya mhogo. Nilisikia kishindo, kisha sikusikia kilio, na kilichonitisha ni kule kutosikia kilio. Nilipofika mbele nilimkuta amelala chini ya baiskeli, mwekundu kuanzia kiunoni hadi miguuni, na wekundu ule unazidi kutambaa ardhini, unafika kwenye vidole vyangu. Niliona damu yote ambayo mtoto anaweza kuwa nayo, imetoka. Nilipiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi. Niliupokea ule wekundu kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuurudisha ndani, na hapo ndipo pua ikaniambia. Mawese. Kifuniko cha bidoni kilikuwa kimeruka. Nililamba mkono wangu ili nihakikishe.

"Dada, iko muzima!" mdogo wangu alikuwa anapiga kelele. "Iko muzima, anafungula macho!"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka kwa sauti, nikamsifu. Mtoto naye akapata pumzi yake, akaanza kulia, na hakuna wimbo wa kanisani ulionifurahisha kama kilio kile. Kisha mdogo wangu akainua baiskeli, na nikaona mguu wa kushoto. Chini ya goti ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo. Kicheko kikaniganda mdomoni.

Niwaeleze niliogopa nini, kwa sababu binti yangu anaporuka sehemu hii anaharibu yote. Sikuogopa kilema. Kwetu vilema wanaolewa, wanazaa, wanauza sokoni na kutukana watu kama wengine. Niliogopa siku ya kukimbia. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na kifurushi kimefungwa mlangoni, kwani saa yoyote milio ya bunduki ingeweza kuanza na watu wangekimbilia mashambani. Mtoto wa umri wake, ukimshika mkono, anakimbia. Mtoto asiyetembea anabebwa, na mimi nilikuwa nimekonda, na mama mkwe alikuwa mzee. Nilijua watoto walioachwa njiani. Nilijua pia mama zao, na hawakuwa mama wabaya.

Muuguzi wa kituo cha jirani aliupapasa mguu kwa upole mkubwa. Alikuwa kijana mwenye huzuni, amebaki na mikono yake tu. "Mama," akasema, "plasta ilimalizika tangu treni iliacha kukuya. Ngozi haikupasuka, shukuru Mungu kwa ile. Vuka mayi, enda kwa ule muzee wa mifupa. Kama njo mutoto wangu, hata mimi ningemupeleka kule." Akaufunga kwa kipande cha katoni ili tuweze kusafiri.

Mwunga mifupa aliishi ng'ambo ya pili ya mto Lualaba. Tulivuka kwa mtumbwi, mtoto mapajani mwa bibi yake, akipiga yowe kila kasia lilipogonga ubavu. Yule mzee alikuwa mwembamba, mwenye kelele nyingi, na alijisifu bila kupumzika. Alituambia kwamba nusu ya wafanyakazi wa reli wanatembea kwa mikono yake. Alipousikiliza mguu kwa vidole aliacha kujisifu, akasema anataka kuku.

Hilo halikutushangaza. Kwetu mfupa wa mtu haupoi peke yake, unapoa na wa kuku. Lazima awe jike kwa msichana, na asiwe ametaga bado. Lakini kumpata kuku hai Kindu wakati ule ilikuwa kazi, maana wenye silaha walikuwa wamewamaliza. Mdogo wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hawezi kunitazama usoni, alizunguka ng'ambo ile yote, akapata mmoja kwa mama aliyekuwa amemficha ndani ya pipa, akamwachia mawese yaliyobaki.

Tulimshika mtoto, mimi mabegani na mama mkwe kiunoni. Nilitaka kugeuza uso. "Tazama," mama mkwe akaniambia. "Muchelea mwana kulia hulia yeye." Nikatazama. Mzee alivuta, akanyoosha, akafunga kwa vijiti vya mwanzi na kamba, na mwanangu akalia mpaka sauti ikakauka. Kisha mzee akamchukua kuku, akamshika mguu wa kushoto, akauvunja mbele ya mtoto.

Kilio kilikatika pale pale. Mtoto alikodoa macho. "Ju ya nini unamuvunja?" akauliza, kwa hasira kweli. "Yeye hakufanya kitu!"

"Sasa muguu yake na muguu yako iko moja," mzee akamjibu, huku akimfunga kuku vijiti vidogo kama vya kibiriti. "Umulishe ku sahani yako. Siku yeye anakanyaga chini, na wewe utakanyaga. Na mutu asimuchinje mbele ya ile siku." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba vijiti vya mtoto nisivifungue mpaka kuku atembee.

Njiani kurudi, mtoto hakulia tena kwa ajili yake mwenyewe. Alimkumbatia kuku, akampulizia mguu, akamwambia pole. Nilimuuliza mama mkwe, mtu wa swala zote zile, kama anaamini mambo ya kuku. Alitazama maji. "Mungu njo anaponesha," akasema. "Kuku iko mushahidi tu."

Hivyo ndivyo kuku alivyoingia kitandani. Hakuweza kukaa nje, wangemla. Alilala na mtoto chini ya chandarua, wote wawili wamenyoosha mguu wa kushoto. Mtoto alimtafunia wali kidogo, akamdondoshea punje. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, lakini wahenga hawakuishi nyumbani kwetu. Sisi tulikuwa na njaa na miiko pamoja. Kuna siku tulikula sombe bila mafuta wala chumvi, na wakati wote huo mchuzi mzima ulikuwa unatutazama kutoka kitandani kwa jicho moja. Mama mkwe alikuwa akipita anamwambia, "Shikamoo, bibi-arusi."

Siku moja mchana waliingia watu watatu wenye bunduki. Nilimfunika kuku kwa kikwembe changu cha kujifunga, juu ya miguu ya mtoto. Walichukua sufuria. Walichukua kichupa cha chumvi kilichobaki na viatu vya mume wangu. Kuku, ambaye hakuwahi kuwa na akili, akaguna. Mama mkwe akaanza kukohoa kwa nguvu, kikohozi kirefu cha mtu anayekaribia kufa. Kuku akaguna tena.

"Njo tumbo yangu inalia," mtoto akasema.

Mmoja wao alisogea, akainua kikwembe kwa mdomo wa bunduki. Aliuona mguu wa mtoto na vijiti vyake. Aliuona mguu wa kuku na vijiti vyake. Alikuwa mtu wa kijiji fulani, kama wote, na katika kijiji hicho lazima kulikuwa na mzee wa mifupa. Akateremsha kikwembe taratibu.

"Anatembea tayari?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.

"Basi musimuchinje," akasema, kama mtu anayetoa amri. Akabeba sufuria yangu na chumvi yangu, akaondoka na wenzake. Mpaka leo sijui nimwombee au nimlaani, kwa hiyo nafanya yote mawili kwa zamu.

Baada ya hapo nikawa mwoga kupita kiasi. Sikumruhusu kuku kushuka kitandani hata kidogo. Mitumbwi ilikuwa imezuiwa kuvuka, sikuweza kumwuliza yule mzee lolote, na kichwani mwangu lilikuwa limebaki neno moja: mpaka kuku atembee. Mtoto alianza kusema mguu hauumi, unawasha tu. Alitaka kushuka. Nilimkataza. Kuku hajatembea.

Mama mkwe alivumilia, kisha akachoka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawajibizani ana kwa ana wakikasirika, ni aibu, wanatafuta wa kati. Wa kati alikuwa mmoja tu ndani ya nyumba.

"We kuku," mama mkwe akasema asubuhi moja, akimtazama kuku. "Unalala ku godoro, unakula wali, kazi hapana. Utajua kutembea namna gani? Hata mimi, ukinilaza vile, nitasahabu kutembea."

"We kuku," nikasema, nikiosha vyombo kwa fujo. "Uambie watu kama huko inje iko wezi. Wakikukamata, mutoto wangu atatembea na muguu gani?"

"We kuku, mwanamuke mwenye woga anafunga mulango, njaa inaingia ku dirisha."

Kuku alitugeuzia shingo, huku na huku. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira hasa kwa sababu nilihisi bibi yake anasema kweli.

Tulikuwa bado hatujapatana, mimi na kuku na mama mkwe, milio ilipoanza. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Ilianzia upande wa mto, ikasogea. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba kifurushi kichwani, mama mkwe akachukua birika lake la udhu na mkeka, tukaingia katika wimbi la watu wanaokwenda mashambani. Hakuna aliyesema. Ukisikia watu wengi wanakimbia bila kusema, utajua wamezoea.

Tulikuwa tumezipita nyumba za mwisho wakati mtoto alipoanza kunipiga mgongoni kwa ngumi.

"Mama! Muguu yangu imebaki! Mama, muguu yangu imebaki nyumba!"

Sikusimama. Nilimwambia anyamaze. Aliipiga kelele ile ile tena na tena, na watu waliokimbia kando yetu waligeuka kumtazama mtoto huyu ambaye mguu wake umebaki, wakaona miguu yote miwili inaning'inia, wakadhani amerukwa na akili. Kisha kelele zikakatika, naye akawa mzito mgongoni kama mzigo uliolowa maji. "Sasa sitatembea tena," akasema, kwa sauti ya kawaida tu.

Nilipogeuka kumtafuta mama mkwe, alikuwa amekwisha kuweka mkeka chini na birika juu yake.

"Enda na mutoto," akaniambia. "Mimi nitafika."

"Mama, hapana. Ile njo kuku tu! Mulisema mwenyewe, mushahidi tu!"

"Enda, nasema. Muzee sawa mimi, wana kazi gani na mimi?" Na akageuka, akaanza kurudi mjini, mdogo, amejikunja kidogo, akipishana na watu wote waliokuwa wanakimbia kuja huku. Nilisimama pale na mtoto mgongoni. Ningemfuata, ningempeleka mtoto kwenye risasi. Nilichukua mkeka na birika, nikaenda.

Tulilala kwenye kibanda cha shamba la mpunga pamoja na familia nyingine. Sina la kusema kuhusu usiku ule. Asubuhi milio ilikuwa imekwisha na watu wakaanza kufika, na kila aliyefika nilimwuliza kama amemwona bibi mmoja mzee, mwenye kilemba cheupe. Wengine walisema hapana. Mmoja aliinama asinijibu, na sikumwuliza tena. Mtoto alikataa mhogo. Nilivifungua vile vijiti kwa hasira, nikaona mguu umenyooka, umekonda tu. Nilimsimamisha, naye akajilegeza kama kitambaa. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. "Kuku hayuko," aliniambia, akinieleza kwa subira, kama mimi ndiye mtoto. Niliketi nikafikiri kwamba nimempoteza mama wa mume wangu kwa ajili ya kuku, na nimempoteza kuku, na mtoto ataishi mgongoni mwangu mpaka mgongo uvunjike. Nilimpenda mama mkwe wangu. Sikuwahi kumwambia, kwetu hatuambiani, lakini nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanawe.

Alitokea mchana, upande wa mbali wa shamba lililovunwa. Kilemba hakikuwepo, nywele zake nyeupe zilikuwa wazi kwa mara ya kwanza mbele za watu, na alikuwa anachechemea. Chini ya kwapa alimkumbatia kuku. Nilitaka kukimbia kumpokea, lakini alininyooshea kiganja: kaa hapo. Akainama kwa taabu, akamweka kuku chini.

Kuku alisimama. Akajitikisa. Vijiti sijui vilidondoka wapi. Akapiga hatua, akachechemea, akapiga nyingine, kisha akaona punje kati ya mabua na akaanza kupekua, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama ambavyo kuku wote hufanya tangu dunia iumbwe.

"Mama," mtoto akasema. "Anatembea."

Alishika nguzo ya kibanda, akajiinua. Nilikuwa karibu naye sana, ningeweza kumshika, na nilijizuia kwa kukaa juu ya mikono yangu mwenyewe. Aliachia nguzo. Mguu wa kushoto ulitetemeka, ukakubali. Akaenda. Mama mkwe alimwinua kuku kutoka ardhini, akamshika kifuani, akamngoja. Na mtoto alipokaribia, akiwa amebakiza kidogo tu kumgusa, bibi yake akapiga hatua moja nyuma.

Mtoto akasonga. Bibi akarudi nyuma tena. Alikuwa bado anachechemea, mtu aliyetembea tangu mjini bila kula, na bado alirudi nyuma, hatua baada ya hatua, akimvuta mjukuu wake kupitia shamba lile.

"Mama, mungojee!" nikapiga kelele. "Mutaanguka! Mungojee!"

"Nyamaza wewe," akanijibu bila kuondoa macho kwa mtoto. "Kuya, muke mwenzangu. Kuya. Kidogo tena."

Alipomfikia, mtoto hakumgusa kuku. Alimkumbatia bibi yake miguu yote miwili, akaficha uso kwenye nguo yake. Mama mkwe akamwachia kuku aende zake, akaketi palepale juu ya mabua, kwa sababu hakuweza kusimama tena.